Mihuri Tisa ya Kunugidai

8 Januari, Jumatano

Muhula wa tatu umeanza leo. Maji ya kwenye ndoo ya maua yameganda, na Mwalimu ameamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta tai yake. Nikamwambia iko shingoni. Akaishika, akaitazama kama kitu cha jirani, akasema, "Mama Chiho, mbona hukusema mapema?"

Saa moja na nusu alikuwa langoni. Ni miaka kumi na minne tangu astaafu kufundisha hesabu, na mitatu tangu kichwa kianze kumponyoka, lakini lango la shule halijamponyoka. Watoto wanapanda kutoka stesheni kwa makundi, wanasimama mbele yake, wanainamisha vichwa. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Funga kifungo cha juu." Kwa dakika arobaini anakuwa mume niliyeolewa naye. Kisha kengele inalia, Bi Mizuno, mwalimu kijana wa zamu, anamshukuru kwa kazi, nami namrudisha nyumbani mzee asiyejua choo kiko wapi.

Daktari ndiye aliyeniambia niandike siku zake. Nitaandika zake, na zangu zikitaka kuingia ziingie.

Mchana ilikuja barua ya shule, bahasha nene. Mwisho wa Machi shule inafungwa, wanafunzi wote wanahamia kwenye shule-dada yao ng'ambo ya Tokyo. Wazazi walijua tangu Novemba. Sisi wa mtaa wa Kunugidai tumejua leo, kwa sababu hakuna hata nyumba moja hapa yenye mtoto anayesoma pale. Sisi sote ni wazee. Watoto wanakuja kwa treni.

Nimeisoma mara tatu. Mwalimu akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia tangazo la mapazia.


9 Januari

Hakuna anayezungumza jambo jingine. Nimechemsha figili, ikaungua.


12 Januari, Jumapili

Mkutano ukumbini. Watu walijaa mpaka viatu mlangoni vikapandana.

Mzee Sakuragi, mwenyekiti wetu, ana sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Alitueleza tunayoyajua tangu utotoni: mwanzilishi wa shule alikuwa na kilima cha mialoni na hakuwa na majengo, akakata viwanja tisa akaviuza, na kila kiwanja kikazaa darasa. Baba mkwe wangu alinunua cha nne. Ndipo reli ikaweka stesheni, ndipo akaja mwoka mikate, fundi saa, daktari wa meno. Shule ndiyo iliyotuzaa. Na siku ile ya kuuziana viwanja iliandikwa kwamba shule haitahama bila nyumba zile tisa kuulizwa. Hata moja ikipinga kwa maandishi, shule itasimamisha mipango mpaka iitishe mkutano.

"Jamani, tuliulizwa," Mzee Sakuragi akasema. "Karatasi ilipita Oktoba kwenye ubao unaozunguka nyumba kwa nyumba."

Akaiinua. Nilikuwa safu ya pili. Niliitambua.

"Inasema hivi: nyumba isiyoleta pingamizi kufikia tarehe thelathini na moja itahesabiwa imeridhia. Na hapa chini kuna mihuri. Tisa. Imetimia."

Kila mtu wa nyumba zile tisa alikuwa akitazama soksi zake. Bwana Nezu, fundi saa, akajikuna shingo, akasema kwa upole, "Mimi nilijua ni tangazo la siku ya takataka za chupa."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Akainuka Fusae Ikoma. Huyu ndiye mwenye duka la mikate mbele ya lango, rafiki yangu wa miaka arobaini na sita. Fusae husoma kila kitu. Husoma maandishi ya nyuma ya chupa ya mchuzi wa soya na kuwapigia simu wenye kiwanda.

"Mimi karatasi hiyo sijaiona."

"Mama Ikoma, muhuri wako huu hapa."

Akaenda mbele kwa fimbo yake, maana nyonga haijapona sawasawa. Akavaa miwani. Alikaa akiutazama ule muhuri muda mrefu kupita adabu.

"Ni wangu," akasema. "Una ufa pembeni. Niliuangusha mwaka aliofariki Baba Hideo." Kisha akageukia watu, na sijapata kuona uso wake vile. "Lakini sikumbuki. Sikumbuki kabisa."

Mtu nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Naye kaanza."

Nilisikia. Fusae pia alisikia. Mimi nilifunga vifungo vya koti langu kimoja kimoja mpaka juu.


13 Januari

Nitaandika ilivyokuwa, kwa maana hapa ndipo pekee ninapoweza.

Mwaka huu mimi ndiye mjumbe wa nyumba tisa. Kazi ya mjumbe ni kupokea ubao wenye matangazo, kutia muhuri wa nyumba yake, ambao kwetu ndio sahihi, kwenye kisanduku chake, na kuutundika ubao kwenye lango la nyumba ya pili. Ya pili hutia, hupeleka kwa ya tatu. Aibu ya mtaa wetu si kutosoma. Aibu ni ubao kulala kwako siku mbili. Mtu akiona mwenzake katia, naye hutia, maana mwenzake lazima kasoma.

Nyumba mbili hazina watu. Wenyewe wako kwa watoto wao, mihuri wameniachia mimi nisikwamishe mambo. Na Oktoba Fusae alikuwa hospitali kwa nyonga, wa kwake akaniachia pia. "Tia tu," alisema, "ila kikija cha maana niletee nisome." Maneno yake hasa. Kikija cha maana niletee.

Tarehe kumi na saba ubao ulikuwa umelala kwangu siku ya pili. Asubuhi ile Mwalimu akatoka kwa mlango wa jikoni, akapotea. Polisi wa stesheni ya tatu kutoka hapa wakapiga simu, wamempata amekaa kwenye benchi bila viatu. Nilivaa koti. Nikauona ubao. Nikatoa mihuri minne, wangu na ile mitatu, nikapiga tap, tap, tap, tap. Kwa nusu dakika nilikuwa nyumba nne. Nikautundika kwa Nezu, nikakimbilia treni.

Nezu aliona minne, akatia. Waliofuata wakaona mitano.

Fusae aliruhusiwa kutoka hospitali tarehe ishirini na nane. Siku tatu zilikuwa zimebaki. Sikumbuki kumwambia chochote, kwa sababu sikuwa na la kumwambia. Sikuwa nimesoma.


17 Januari

Theluji. Mwalimu aliwaamuru watoto wasikimbie. Walikimbia. Alifurahi sana.


22 Januari

Nimekwenda dukani kwa Fusae kununua mkate uliojazwa tambi za kukaanga. Alikuwa ameweka mikate ya maharage kwenye trei ya mikate ya krimu. Zamani ningemtania siku nzima.

"Shoga," akaniambia, "kesho nakwenda kwa daktari wa kichwa. Yule wa Mwalimu. Anafanyaje?"

"Anakuuliza tarehe. Anakuonyesha vitu vitano, anavificha, anakuuliza ni vipi."

"Vitano tu?" Akajaribu kucheka. "Nimekuwa nikifanya mazoezi. Jana niliweka vitano mezani nikavifunika kwa taulo. Nikasahau mkasi. Mkasi, Sumiyo, ambao naushika kila siku."

"Kila mtu husahau mkasi."

"Kila mtu hatii muhuri wa kuuza shule akasahau." Akafuta kaunta iliyokuwa safi. "Nakaa nafikiri. Nilikuwa nakunywa vidonge vya maumivu. Muhuri ulikuwa kwako, nawe usingetia cha maana bila kuniletea. Labda uliniletea ubao hospitali, nikatia nikiwa nimelewa dawa. Uliniletea?"

Hapo ndipo palikuwa pangu. Mlango ulikuwa wazi, nilihitaji kupiga hatua moja tu.

"Sikumbuki," nikasema. "Siku zile na mimi sikuwa na akili."

"Basi tumezeeka wote," akasema, akaniongezea mkate mmoja bure.

Niliutupa. Nilishindwa kuula. Kunguru waliupata kabla ya gari la takataka.


26 Januari

Chiho amepiga kutoka Sendai. "Mama, shule ikifungwa Baba atafanya nini asubuhi?" Nikasema atazoea. "Mama, Baba hazoei. Baba hata kijiko kipya hazoei." Kuna nyumba ya wazee karibu na kwake, nafasi moja itapatikana Aprili. Nafasi moja, si mbili.

Nimesema nitafikiri. Mwanangu hana ubaya. Ana haki kuliko wote, na ndiyo maana sitaki kumsikia.


2 Februari

Siku ya kurusha maharage. Tulifungua madirisha, nikampa kikombe cha maharage ya kukaanga. "Mashetani nje, baraka ndani," husemwa hivyo, na maharage hurushwa nje gizani kufukuza mikosi. Mwalimu alinitazama, akakaza mkono, akanirushia mimi.

"Mashetani nje," akasema.

Nikasimama pale yakanipiga mpaka kikombe kikaisha. Kisha nikafagia.


3 Februari

Upepo. Nguo zote zimeangukia kwa jirani.


6 Februari

Daktari kamwambia Fusae kwamba matokeo yake ni ya umri wake, arudi baada ya miezi sita. Mtu mwingine angeshangilia. Yeye kasikia "arudi" tu. Hideo, mwanawe, amekuja kutoka Nagoya kwa gari na ameanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Anasema mama hawezi kuachwa na tanuri la moto peke yake.

"Tanuri limenilea miaka hamsini, leo ndiyo litaniunguza?" Fusae alimwambia mbele yangu.

"Mama, umeuza shule ukasahau."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja kipimo cha homa. Na Fusae, ambaye aliwahi kumnyamazisha mkaguzi wa afya wa wilaya, akamsogezea boksi lililofuata.


11 Februari, sikukuu

Nimekwenda kusema. Nilijiandaa tangu asubuhi, nikavaa hata sketi nzuri, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kuposa. Mwalimu nilimwacha na Bwana Nezu wakitengeneza saa ambayo haikuwa mbovu.

Fusae alikuwa chini, amezungukwa na maboksi, anafunga bati za mikate kwenye magazeti. Nikakaa. Nikasema, "Fusae, kuhusu muhuri."

"Hata usinifariji," akasema. "Nimeshalia machozi yakaisha. Na unajua nimegundua nini? Afadhali ni kichwa changu. Kichwa ni kama paa, kinachakaa, hakuna wa kumlaumu. Lakini ingekuwa ni mtu kanifanyia, halafu ananitazama naamini nimekuwa kichaa, huyo ningemlaani mpaka kaburini. Kwa hiyo nashukuru." Akaniwekea mkono begani. "Sema, ulitaka kusema nini?"

Nilisema nitamsaidia kufunga bati.

Tulifunga mpaka saa kumi. Mwoga huenda kwao salama, wanasema. Nimefika nyumbani salama.


20 Februari

Ubao umerudi kwangu. Tangazo: sherehe ya kuiaga shule, watu waje na slipa zao za kuvaa ndani. Ulichukua siku tisa kuzunguka nyumba saba. Sasa watu wanasoma. Wanasoma mpaka nambari ya simu ya mchapaji. Mke wa Nezu alinipigia kuuliza neno "kuiaga" lina maana gani kisheria.

Ile mihuri ya nyumba tupu nimeituma kwa wenyewe kwa posta. Sikuandika barua.


21 Februari

Plamu zimechanua penye ukuta wa shule. Mwalimu hakuziona, alikuwa anakagua makoti.


2 Machi

Mzee Sakuragi kapita kuchukua ripoti yangu ya mwaka. Nilimwuliza kwa kuzungukazunguka: nyumba moja ingepinga, ingekuwaje?

"Wangeitisha mkutano. Tungelalamika masaa matatu, wangetupa keki, wangehama mwakani badala ya mwaka huu." Akanywa chai. "Mwaka mmoja tu, Mama Karasawa. Usijisumbue."

Anadhani kanifariji. Mwaka mmoja. Mwalimu ana miaka sabini na tisa, na daktari anahesabu akili yake kwa misimu. Mwaka mmoja ulikuwa ndio wote aliobaki nao, na nimeupiga muhuri nikiwa na koti mwilini.


8 Machi

Chavua ya mierezi. Mtaa mzima unatiririka macho na pua, kila mtu kavaa barakoa. Ni mwezi mzuri kwangu. Nalia barabarani, kwenye foleni ya tofu, mbele ya Fusae, na watu wananiambia nijaribu matone ya duka la dawa la stesheni.


15 Machi, Jumamosi

Siku ya mwisho.

Mwalimu alivaa suti nyeusi. Alijua ni mahafali, hilo halijamtoka. Watoto walipoingia asubuhi walimshika mkono mmoja mmoja, wengine wakilia, naye akawaambia, "Mnalia nini, likizo ni ya wiki mbili tu." Bi Mizuno aligeuka ukutani.

Ndani waliimba wimbo wa shule. Mistari yake inautaja mtaa wetu, mialoni na kengele. Wazee wa nyumba tisa tulikaa nyuma na slipa zetu. Niliwatazama. Januari niliwaona kama watu walioibiwa. Leo niliwaona kama watu walioacha mlango wazi kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake kaufunga, nami ndiye niliyewaambia umefungwa. Nezu alinipa kitambaa chake. Ni mtu mwema. Wote ni watu wema, na wema wetu wa kutosumbuana ndio uliotufikisha hapa.

Saa nane wanafunzi walitoka kwa mstari. Kila mmoja akifika nje anageuka na kuliinamia jengo, kama walivyofanya kila siku kwa miaka tisini na tano. Fusae alisimama mlangoni pa duka lake lisilo na mkate hata mmoja, akawapungia. Kisha mlinzi akasukuma lango la chuma. Liligoma kidogo kwenye reli. Mwalimu akaenda akamsaidia kulifunga.

"Tuonane muhula mpya," akamwambia.

Mlinzi akasema, "Ndiyo, Mwalimu."


17 Machi

Alikwenda. Zamani hata likizo walikuja watoto wa mpira na wa tarumbeta, hajawahi kukuta lango tupu. Alisimama kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Mikono yake ilikuwa ya buluu. "Wamechelewa," aliniambia. "Wote?" "Treni," akasema.


18 Machi

Leo alikataa kuondoka. Nilimvuta mkono, akanisukuma. Nilianguka. Si sana.

Mke wa Nezu aliona kutoka dirishani. Jioni akaja na wali wa maharage mekundu, na wazo: sisi wa mtaani tupite langoni asubuhi, tumsalimie, atosheke arudi. Nilimkumbatia. Sisi hatukumbatiani hapa, alishtuka mpaka akamwaga ufuta.


19 Machi

Walikuja kumi na mmoja. Wazee wa miaka sabini, themanini, wamebeba mikoba. Mzee Sakuragi aliinamisha kichwa, "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Nywele fupisha." Sakuragi ana upara. Watu walicheka njia nzima, na Mwalimu alirudi nyumbani akala mayai mawili.

Fusae naye alipita, kwa fimbo. "Wewe," Mwalimu akamwambia, "wewe ndiye unayesoma kila kitu." Sijui lilitoka wapi. Fusae alisimama pale akishindwa kuendelea, mpaka Nezu akamshika mkono.


21 Machi

Tisa.


24 Machi

Sita. Mvua.


26 Machi

Watatu. Mke wa Nezu ana magoti mabaya, kaomba radhi mara nne. Nimemwambia asijali. Simlaumu. Mimi mwenyewe nimechoka, na ni mume wangu.


29 Machi, Jumamosi

Fusae ameondoka. Gari la Hideo lilikuwa mbele ya duka saa tatu. Kibao cha duka kimeng'olewa, ukutani pamebaki mraba mweupe.

Alinipa kisanduku kidogo cha kitambaa. Ndani ni muhuri wake wenye ufa.

"Kaa nao," akasema. "Hideo ataninunulia mpya, na atakuwa anatia yeye. Sitaki tena kushika kitu kama hiki."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Yalikuwa yamepangwa. Mimi ndiye niliyetia. Ulikuwa hospitali. Kichwa chako ni kizima. Sentensi tatu, ambazo zingempa mama huyu tanuri lake na usingizi wake, au hata hasira tu ya kumweka hai huko Nagoya. Hideo alikuwa ameshawasha gari. Fusae akashusha kioo.

"Mtunze Mwalimu. Na usinisahau," akasema, kisha akacheka, "maana mimi ndiye nitakayekusahau."

Nikapunga mkono. Nimepunga mpaka gari limekata kona ya daktari wa meno. Nilikuwa na dakika nzima, na nilikuwa nikipunga.


31 Machi

Ujumbe wangu umekwisha. Nimemkabidhi Nezu ubao. Akaniambia, "Umefanya kazi nzuri, Mama Karasawa."


3 Aprili

Maua ya cheri yamefunguka yote kwenye barabara ya shule. Miaka mingine pangekuwa na watoto wapya, kofia kubwa kuliko vichwa. Leo alikuwepo Mwalimu na mafundi wawili waliokuja kung'oa herufi za jina la shule. Aliwauliza wako darasa gani.


4 Aprili

Hakuna aliyepita. Nilimpigia Fusae, Hideo akapokea. Mama amelala, akasema, siku hizi analala sana.


6 Aprili

Nimempigia Chiho. Nimesema ndiyo. Watakuja kumchukua tarehe kumi. Chiho alilia, mimi sikulia, nilikuwa nakata vitunguu kwa hiyo haihesabiki.


9 Aprili, Jumatano

Asubuhi yake ya mwisho hapa. Yeye hajui. Mkoba wake uko tayari nyuma ya mlango.

Alitoka saa moja na nusu, tai shingoni. Nilimwacha atangulie. Kisha nikavaa koti, nikachukua mkoba wangu, nikateremka mpaka stesheni kwa njia ya nyuma, nikapanda barabara ya shule kama wanavyopanda watoto. Sikutaka asimame asubuhi hiyo bila mtu hata mmoja. Petali zilikuwa zimejaa njiani na viatu vyangu viliteleza.

Nilisimama mbele yake, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinikagua kuanzia viatu. "Umechelewa. Wenzako wote wameingia."

"Nimekosa, Mwalimu."

"Sababu?"

Sijui ni nini kilichofunguka. Labda ni vile alivyouliza, kama mtu anayetaka jibu kweli, na hakuna aliyeniuliza hivyo tangu Oktoba. Nikamwambia. Nikamwambia ubao ulilala kwangu siku mbili. Nikamwambia nilitia mihuri minne bila kusoma, mmoja wa rafiki yangu aliyekuwa hospitali. Nikamwambia shule imefungwa kwa ajili hiyo, na rafiki yangu amekubali kwamba ana wazimu, nami nimemwacha akubali, nimemsaidia hata kufunga bati zake. Nilisema yote, kwa sauti, kwenye barabara tupu. Makamasi yalinitoka na sikuwa na barakoa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwalimu wa namna hiyo, hakuwahi kumkatiza mtoto. Alikunja uso, akafikiri, akatoa kitambaa chake mfukoni akanipa.

"Kusema ukweli si jambo dogo," akasema. "Lakini kosa hili ni kubwa, haliwezi kuishia hapa langoni. Nyumbani una nani?"

"Nina mume, Mwalimu."

"Mume." Akanitazama kwa huruma, akitafuta kitu usoni kwangu, na kwa muda mfupi nilidhani amekipata. "Basi kesho usije peke yako. Njoo na mume wako, nizungumze naye."

Nikasema nitakuja naye.